Tuzo ya Mrushaji na Kiwiko Changu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa Marekani, kijana wa miaka ishirini na moja niliyepelekwa kusoma uhandisi, na badala yake nikajulikana chuoni kwa besiboli. Ndiyo, mimi babu yako. Katika mchezo huo mmoja hurusha mpira na mwenzake hujaribu kuupiga kwa gongo. Mimi nilikuwa mrushaji. Kulenga nilijifunza hapa hapa Ibra, Oman, nikiwafukuza ndege kwa mawe katika mitende ya bibi yangu, Bi Zuwena, aliyenilea.

Kila mwaka ilikuwapo tuzo ya wachezaji bora wa vyuo, iliyotolewa kwa kura. Siku ile orodha ya wanaoiwania ilibandikwa ukutani, na jina langu limo. Nasor, mtoto wa mtaa wa Aija kule mjini Sur, niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja, alinishika mkono wa kulia akasema, "Mkono huu utatutoa kimasomaso." Nikamsubiri aseme mashallah, kulikinga jicho la husuda. Hakusema, nikauvuta mkono wangu.

Asubuhi yake kiwiko kikaanza kuuma. Kwa mtu wa kwetu hesabu hiyo ni nyepesi: jicho la Nasor limenipata. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nikaacha kula naye. Nikajisomea sura za Kul-audhu asubuhi na jioni, na kisomo si kosa, lakini kwa daktari sikwenda. Niliogopa kocha akijua ataniweka nje na kura zitanipita. Wiki tatu nilirusha mpira huku nimeuma meno, na kila nilipolala nilijiuliza kama kesho mkono utaamka. Hofu haikuniacha hata katika sala.

Siku moja Nasor aliniona nashindwa kufunga vifungo vya shati, akaenda kumwambia kocha. Nikawekwa nje, tuzo ikaenda kwa mwengine, nami nikamwita Nasor hasidi mbele ya watu. Daktari alisema nimechelewa. Kiwiko hiki unachokiona kimepinda hakikunyooka tena.

Likizo ilipofika sote wawili tukarudi makwetu, nami nikampelekea Bi Zuwena kisa changu, nikitaraji anihurumie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakishika kiwiko.

"Nasor kakuona unaumwa, kasema," aliniambia. "Weye ulojua ukanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako kweli, mjukuu wangu, lakini hizo nguo zako mwenyewe. Tamaa ndo ilokula mkono huu. Nenda Sur kamtake radhi."

Nilikwenda. Nasor alisema mashallah aliitamka kwa sauti ndogo, ila mimi sikuwa na macho wala masikio isipokuwa kwa ile orodha. Nililia mbele ya mama yake, na sioni haya kukwambia.

Sasa wewe. Jina lako limo katika wachezaji bora wa vyuo mwaka huu, mechi ya mwisho ni kesho Nizwa, na tangu jana simu haikutoki mkononi. Unadhani sikukuona ukipanda ngazi kwa mguu mmoja? Goti limevimba, nawe waniambia ni uchovu. Naogopa, mwanangu. Kahawa inapoa mbele yangu kana kwamba mimi ndiye ninayecheza kesho. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nasaha yangu ni hii: kabla ya kuliogopa jicho la watu, iogope tamaa yako. Maumivu mwambie anayeweza kukutibu, na rafiki anayesema usilotaka kulisikia usimwite hasidi. Tuzo hutolewa kila mwaka. Goti hupewi jengine.

Mpigie kocha wako, hapa mbele yangu. Mimi nanyanyua mikono kukuombea, na kama uonavyo, mmoja haufiki ulipofika mwenzake. Mwenyezi Mungu akulinde na jicho la watu, akulinde zaidi na kiu ya nafsi yako, na akuzeeshe ukiwa na viungo vilivyonyooka. Amin.

Haya, piga.