Mgongo Wangu na Miguu ya Mdogo Wangu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani. Niliondoka kijijini Misiera bila mpango, nikapanda lori la mahindi lililokuwa likienda Mbarara, kwa sababu tu lilikuwa na nafasi. Lilipofika Ruti, pembeni mwa mji, nikashuka kumtafuta mdogo wangu Bahati, muuza vitenge, ambaye sikuwa nimemwona miaka mingi.

Alitoka dukani kunipokea. Katikati yetu kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua, upana wa hatua moja. Watoto wa shule waliuruka wakicheka. Bahati akafika ukingoni, akainua mguu, akaurudisha. Alikuwa anaogopa! Mtu wa miaka hamsini!

"Ruka, mzee wa vitenge!" nikamtania.

"Siwezi, kaka. Ningejifunza kuruka saa ngapi? Ulikuwa unanibeba fasi yote, kila tulikokwenda."

Nikaacha kumtania.

Ni kweli. Kule Kivu tulikokulia, nilipoacha shule, mama alikuwa akiniachia Bahati anapokwenda shambani. Mimi nilitaka kuzurura, kuona kila kilima kina nini nyuma yake. Yeye alisimama kwa kila jiwe. Basi nikawa namfunga mgongoni kwa kitenge, mpaka akakaribia miaka sita. Wenzake walipanda miti na kurusha mawe mtoni. Yeye aliona kisogo changu. Majirani walinisifu: "Huyu anapenda ndugu yake mingi." Hayakuwa mapenzi, mwanangu. Ilikuwa haraka yangu. Baadaye, wengine walipocheza mpira, aliogopa kuchekwa, akakaa pembeni. Amekaa hadi leo.

Na sasa ana sukari. "Muganga wa hospitali ameniambia nitembee, nicheze," alisema tulipozunguka kupitia darajani. "Nicheze! Nitaanzia wapi?"

Alinitandikia mkeka nyuma ya duka. Nilidhani nitalala siku moja. Hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi nachora mistari miwili vumbini, naye anaruka akiwa amenishika mkono. Jana aliniachia mkono, akaruka peke yake.

Sisemi usimbebe mtoto. Mbebe akichoka, usimbebe kwa sababu wewe una haraka. Mwache apande, aruke, aanguke, ainuke, ili akiwa mtu mzima mwili wake usimtie aibu. Mungu akupe watoto wenye makovu magotini, na akupe subira ya kuwangoja kwa kila jiwe.