Si Mimi, Ni Yule Mpishi

Likizo hii nimempeleka binti yangu Mikindani, nyumbani kwa marehemu bibi yangu, na siku ya tatu tu nimetoka mbio na mwiko mkononi kwenda kugombana na watoto wa watu. Usinicheke. Mtoto karudi kutoka nyumba ya jirani analia kwa kwikwi. Namuuliza umeanguka, anatikisa kichwa. Umepigwa, anatikisa kichwa. Mwishowe akasema: "Wananiita mpishi."

Lile neno lilinigusa mahali, lakini hasira ilikuwa mbele. Binti yangu ana miaka minane na anapenda gemu kuliko kula. Pale kwa jirani wanacheza gemu la ngumi kwenye televisheni, na siku hizi watu wa kuchagua ni wengi hadi unachoka kuwapitia. Wanawake tele: mnene yupo, mzee yupo, mwenye mguu wa bandia yupo, aliyejitanda ushungi yupo. Kuna mmoja hata hujui ni mwanamume au mwanamke, nikamuuliza mwanangu, akaniambia, "Ni yeye tu, mama," akaendelea kucheza. Mwanangu mwenyewe humchukua yule wa ushungi. Anasema anafanana na mwalimu wake wa darasa la kwanza.

Basi nikafika mlangoni, nikauliza nani kamwita mwanangu mpishi. Aliyejibu hakuwa mvulana. Alikuwa binti wa jirani, kama miaka kumi hivi, amekaa mkekani katikati ya wenzake.

"Kwani ni tusi, shangazi? Mwanamke yeyote kwenye gemu ni mpishi. Sisi tumelikuta hivyo hivyo."

"Mmelikuta wapi?"

"Kwa kaka zetu. Na wao wamelikuta kwa wakubwa zao. Hapa Mikindani wote wanasema." Halafu akainua kidevu. "Hata mimi simchukuagi mwanamke. Kwani mimi mpishi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Na huyo kaja na mwiko."

Nikaushusha mwiko. Ule mdomo niliujua. Ile namna ya kuinua kidevu niliijua. Na neno lenyewe nililijua kama unavyojua sauti yako ukiisikia kwenye simu: kwanza unaona aibu, halafu unakubali, ndiyo, ni mimi.

Ngoja nikueleze.

Bibi ndiye aliyenilea. Alfajiri nilikuwa naamshwa na harufu ya ming'oko ikichemka, harufu ya udongo uliolowa mvua, maana ile mizizi huchimbwa porini na hata uioshe vipi pori halitoki. Tulimenya ikiwa bado inachoma vidole, tukapanga kwenye sinia, chumvi na pilipili ya kusaga pembeni, ndimu mbili tatu. Msimu wa korosho kazi iliongezeka. Tulikaanga korosho kwenye debe lililokatwa, moshi ukitutoa machozi, tukabangua kwa jiwe, na vidole vikabaki vyeusi kwa yale mafuta ya ganda. Shuleni mwalimu wa usafi alinichapa kwa vidole hivyo. Mafuta ya korosho hayatoki kwa sabuni, na yeye alilijua hilo vizuri, maana korosho za bibi alikuwa anakula.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa msichana wa rika langu, tuna jina moja. Huku kwetu mkiwa na jina moja nyinyi ni masomo. Hamwitani tena kwa jina, ni "somo" mpaka mnazeeka. Na somo yako humsemi vibaya, maana jina unalolichafua ni lako. Bibi alitupakulia sahani moja. "Kuleni, nyinyi mtu mmoja," alikuwa anasema, na kama mmoja amekosea alitugombeza wote wawili, haki kabisa.

Sinia la ming'oko tulilipeleka pamoja, na mahali palipomaliza sinia haraka ni kibanda cha gemu. Kilikuwa cha mabati, nyuma ya kinyozi. Ndani joto, jasho la wavulana, waya ulioungua, televisheni ya chogo inayotetemeka, na mlio wa ngumi dubwi, dubwi, unausikia tangu barabarani. Mwenye banda alikuwa mtu wa kujifunga msuli na fulana, mpenzi wa ming'oko kupita kiasi. Alikula, akatulipa kwa kutuachia raundi. Ndivyo wasichana wawili walivyoingia pale. Sheria ilikuwa moja: anayeshinda anabaki, anayepigwa anainuka.

Gemu lenyewe lilikuwa na wanaume kumi na tatu na mwanamke mmoja. Mmoja! Wanaume walikuwa wa kila aina, mrefu, mfupi, babu mwenye ndevu, hata dubu alikuwemo. Dubu kapata nafasi, mwanamke wa pili hakupata. Sasa hivi nikikumbuka damu inachemka. Wakati ule wala sikuliona. Nilichoona ni kwamba wavulana hawamchukui yule mwanamke, na akichukuliwa kwa bahati mbaya kibanda kizima kinazomea. Kwa hiyo na mimi sikumchukua. Nilichukua jitu la kifua wazi, nikajifunza kuongea kama wao na kutema mate mlangoni kama wao. Wakanizoea. "Huyu jembe," walisema, na mimi nilivimba.

Somo yangu yeye tangu siku ya kwanza alimchukua yule mwanamke, wazomee wasizomee. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwangalie kiunoni." Yule mwanamke alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, fundo mbele. "Kajifunga kibwebwe. Huyu wa kwetu." Na yeye kabla hajashika pedi ya kuchezea alikuwa anaivua kanga yake ya mabegani, anajifunga kiunoni vilevile, anakaza fundo, ndipo anakaa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa korosho kama vyangu, lakini vyake vilikuwa na mbio, hata huvioni. Alinipiga mimi na jitu langu kila tulipokutana. Kila mara. Nilikuwa nasema pedi yangu mbovu.

Ikawa Ijumaa moja. Adhana ya mchana ikalia, wavulana wote wakatoka kwenda msikitini, na mwenye banda naye akabadilisha msuli akavaa kanzu. Akatuambia tulinde, akaurudisha mlango. Kawaida mashine aliizima. Siku ile alisahau.

Somo yangu akajifunga kibwebwe. Akaanza kupigana na mashine yenyewe, mtu mmoja baada ya mwingine, kumi na tatu wote, na mwisho kabisa lile jinamizi linalofunga gemu, ambalo hakuna mtu Mikindani nzima aliyewahi kulimaliza. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeyashika mabega yake. Sikumbuki nilipumua lini. Jinamizi lilipoanguka tulipiga kelele, halafu tukazibana midomo kwa mikono, maana hotuba ilikuwa inaendelea msikitini na spika inasikika. Tulicheka machozi yakitoka. Mashine ikauliza jina. Akaliandika herufi moja moja. Jina lake, jina langu, likakaa juu kabisa ya majina yote, na pembeni yake picha ya yule mwanamke na kibwebwe chake. Akageuka akaniambia, "Somo, tumeingia."

Tumeingia, alisema. Hakusema nimeingia.

Wakarudi na kanzu zao na kofia. Wa kwanza kuona akanyoosha kidole. Wa pili akasoma kwa sauti. Halafu wakaanza: nani huyu kamaliza gemu na demu? Haiwezekani, mashine mbovu. Ni aibu hii, kuanzia leo juu kabisa amekaa demu. Na kwa kuwa jina lilikuwa letu wote, na ushindi wa mwenzangu walikuwa wanauita bahati, mchezaji waliyemkubali ni mimi, macho yote yakanigeukia.

"Jembe, ni wewe? Unachukuaga demu tukiondoka?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningesema ni somo yangu, amewapita wote, mkabishane naye. Ningesema ndiyo mimi, nikaibeba aibu na sifa. Hata kunyamaza kungetosha. Nilichofanya ni kuinua kidevu, nikamwonyesha yeye, pale alipokaa na fundo lake kiunoni kama wanawake wanaopika kwenye shughuli.

"Si mimi," nikasema. "Ni yule mpishi."

Kibanda kililipuka. Mwenye banda naye alicheka, mdomo umejaa ming'oko yetu. Mmoja akauliza ubwabwa umeiva? Mwingine akaomba ukoko. Somo yangu akafungua fundo, taratibu, akaikunja kanga mara mbili, akajifunika mabegani, akalichukua sinia na kutoka. Hakuniangalia kwa ubaya. Laiti angeniangalia kwa ubaya.

Alirudi mara mbili baada ya hapo. Mara zote mbili walianza kabla hajavuka kizingiti: mpishi huyo, mpishi kaja, sufuria ziko wapi. Na yule mwanamke wa kwenye gemu naye akapoteza jina, akawa mpishi. Mara ya tatu nikampitia na sinia, akaniambia ana kufua. Nikaenda peke yangu. Nilicheza mle mwaka mzima na zaidi, na jinamizi lile sikuwahi kulifikia. Bibi aliuliza mwenzio yuko wapi, nikasema anafua. Akaendelea kupakulia sahani moja, na nusu ya chakula ikawa inabaki.

Somo yangu hakuwahi kunisema kwa mtu. Tuliendelea kuitana somo mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni.

Haya yote nilimsimulia mwanangu niliporudi nyumbani, barazani kwa bibi, mwiko mapajani. Sikupamba. Alisikiliza machozi yakimkaukia mashavuni, akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulimwomba samahani?"

Sasa nikwambie, somo yangu hajafa wala hajapotea. Yuko Naliendele, anafanya kazi ya kubebesha miche ya mikorosho, yaani kukata vichipukizi vya mti mmoja na kuvifunga kwenye mwingine, na wanasema kwa vidole vile hakuna wa kumfikia. Namba yake ninayo. Tunakutana kwenye misiba, tunashikana mikono, za siku nyingi, watoto hawajambo, basi. Mwanangu akanikabidhi simu. Nikapiga.

"Somo!" Furaha yake ilinichoma. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka na maji yakimwagwa. Nikauliza hali, nikauliza watoto, nikauliza miche. Mwisho nikasema, "Somo, unakikumbuka kile kibanda cha gemu?"

Maji yakaendelea kumwagika.

"Nilikuwa nawapiga wote," akasema.

"Ulikuwa unawapiga."

"Hata wewe."

"Hata mimi, somo."

Akacheka kidogo, si sana. "Haya, jua linapanda na miche haijafungwa. Nisalimie huko." Akakata.

Jioni ya siku ile nilipita nyuma ya kinyozi. Kinyozi mwenyewe hayupo. Kibanda hakipo, pamejengwa fremu ya kuuzia simu na makava yake, safi, ina vigae. Mwenye banda alihamia kwa wanawe, bibi tumemzika, na debe la kukaangia korosho limeoza ukutani. Ile mashine iliuzwa sijui kwa nani, na majina yaliyokuwemo yamekwenda nayo, letu likiwa juu. Nilisimama pale nikitafuta hata bati moja. Kilichobaki kwenye mtaa ule ni kitu kimoja tu, kimepita kwa kaka na wadogo zao mpaka kwenye kidevu cha binti wa jirani. Nilikianzisha mimi, kikamrudia mwanangu.

Niliporudi, mtoto alikuwa ananingoja barazani. Amejifunga kanga yangu kiunoni, fundo mbele, kubwa kuliko yeye. Alikuwa anataka kurudi kwa jirani kucheza.

"Hujamwomba," akasema. "Nilikuwa nasikiliza. Umemuuliza miche tu."

"Nitamwomba."

"Piga tena, mama."

Simu iko hapa pembeni ya daftari ninamokuandikia. Kutoka kwa jirani nasikia ngumi, dubwi, dubwi, na sauti ya mwanangu juu ya sauti za wenzake wote, akimtaja kwa jina lake yule mwanamke wa ushungi. Mimi bado sijapiga.