Miti Niliyoitoa Chini ya Sakafu

Jumatatu nililetewa habari kwamba yule fundi mwashi wa Uroa amefariki, na alasiri tukamzika. Wasomaji wangu mnanijua: nilianza kwa kubeba makapu ya mawe bandarini, chuoni sikuvuka juzuu ya tatu, na leo nina ghorofa mtaa wa Malindi hapa mjini. Ghorofa ile aliijenga yeye. Mjini tulimwita mtu wa mawe, tukikusudia mkaidi asiye na huruma. Siku moja nilimuuliza kama jina halimuudhi. Akacheka. "Jiwe letu la matumbawe, bwana, likitoka majini hukatika kwa shoka kama muhogo. Ugumu hulijia likishakaa juani na upepo ukalipiga. Lisipoharakishwa, hubeba nyumba." Mimi nikaona hayo maneno ya kuchelewesha kazi tu.

Maana harusi ya binti yangu ilikuwa imekaribia, na sakafu ya juu, tuliyoipiga kwa vigongo na nyimbo siku tatu, chokaa yake bado mbichi, ilikuwa ingali imeegemezwa kwa miti. Wakwe wakanicheka: "Nyumba ya mawe hii, au ya magongo?" Basi fundi alipokwenda kwao kumzika dada yake, niliing'oa miti yote kwa mikono yangu. Nguvu nilikuwa nazo, si uongo.

Asubuhi ya harusi akarudi, akatazama dari kutoka chini, akapanda ngazi mbio bila hata kupiga hodi.

"Tokeni! Nyote, tokeni!"

"Fundi, una wazimu?" mke wangu akamaka. "Huoni bibi harusi anapambwa?"

"Mbebeni na hina yake, Bi Mkubwa! Nshasema, tokeni!"

Akawavuta mikono wanawake wasio maharimu wake, ambao si halali kuwashika, nao wanamlaani. Wa mwisho alipokanyaga uani, sakafu ikashuka yote, vumbi la chokaa likatufunika.

Wakwe wakanigeukia. Nami nikasema, "Fundi huyu kaniharibia." Alinitazama, akamtazama binti yangu aliyekuwa akilia, akajifuta vumbi usoni, akanyamaza. Toka siku ile hakuna tajiri wa mjini aliyempa nyumba. Umri wake uliobaki aliumaliza akijenga visima huko mashamba.

Miaka yote nimejigamba hapa kwamba sikuegemea mtu. Leo, kabla sijarudi matangani kukaa na wanawe, naandika: miti niliitoa mimi. Anayejisifu kusimama peke yake, na atazame kwanza ni nani anayemwegemeza kimya kimya.