Maji Matamu ya Kitindamimba

Enzi za Mwingereza, shambani kwetu Temeke tulikuwa na visima viwili. Cha juu maji yake yalikuwa ya chumvi. Ukinawia uso, macho yanawasha. Cha bondeni yalikuwa matamu. Baba alikichimba kando ya bustani yake ya mchicha ili asihangaike kumwagilia, na shimo la samadi ya ng'ombe lilikuwa palepale kwenye mteremko. Mchicha wake ulisifiwa hadi Kariakoo.

Kwa watu wa kwetu, maji mazuri yalijulikana kwa ulimi. Matamu ya kunywa, ya chumvi ya kufulia. Kiangazi kimoja kisima cha bondeni kikapungua, mama akaamua maji yake yawe ya mdogo wangu peke yake, kitindamimba wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Sisi wengine tukaambulia ya chumvi. Tulinung'unika kweli kweli. Mimi nilimwita mdogo wangu sultani, naye alicheka na kunirushia kata.

Akaanza kuhara. Kadiri alivyolegea ndivyo mama alivyozidi kushuka bondeni, akimnywesha kwa kijiko na kumbembeleza, "Kunywa baba, upoe." Tulimzika siku ya Ijumaa. Maji ya kumwoshea yalitoka kisima kilekile, maana mama alikataa katakata mwanawe aoshwe kwa chumvi.

Watoto wengine wa bondeni walipougua, bwana afya alikuja. Alimwaga rangi ya kijani kwenye shimo la samadi, akatueleza kwamba ikitokea kisimani, basi na uchafu wa samadi unafika humo. Baada ya siku chache mama alivuta ndoo, majirani wamemzunguka. Maji yalikuwa ya kijani. Ya kisima cha juu hayakubadilika hata kidogo.

Jirani mmoja akasema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Nilitamani kumzaba kibao, na mpaka leo natamani.

Baba alichukua jembe akaanza kukifukia kisima cha bondeni. Mama hakulia. Alikaa chini kwenye udongo mbichi, akatutazama sisi wanawe tuliobaki, mmoja mmoja, wazima wa afya.

"Nyie niliwanyima," akasema.