Vipepeo Niliowapanga kwa Aina

Mimi si mtu wa kuongea. Nilipokuja Guangzhou kuishi na Mama nilimaliza miezi minne ndani ya nyumba yetu ya kupanga kule Sanyuanli, ghorofa ya sita, nikisoma vitabu vya kidato cha tatu peke yangu na kuandika kwenye daftari langu lenye picha ya panda. Mama alikuwa akitoka asubuhi kwenda Guangyuan Xilu kununua nguo za kupeleka Mombasa. Akirudi ananikuta palepale aliponiacha.

"Hata paka wa jirani namjua sauti yake," aliniambia siku moja akivua viatu. "Wewe mwanangu, je?"

Nikaingia chumbani kuyaandika hayo maneno yake.

Mgeni wetu pekee, tukiacha watu wa mizigo, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Tanzania, aliyesomea wadudu kwa ufadhili. Kichina alikimudu hasa, kwa hiyo Jumamosi alimsaidia Mama madukani. Mama anaanza ugomvi kwa Kiswahili, yeye anaugeuza Kichina kwa tabasamu, na laoban, mwenye duka, anashusha bei akicheka. Siku ya kwanza nilimwambia shikamoo. Akajibu, "Marahaba, lakini usinizeeshe, mdogo wangu. Niite Dada."

Ilipofika Aprili, wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, Mama alikuwa na wateja kutoka Nairobi wa kuzunguka nao kumbi zile kutwa nzima. Dada naye alikuwa anaondoka kwenda kaskazini kabisa mwa mkoa, milimani, kuhesabu vipepeo na nondo. Alihitaji mtu wa kumbebea mikebe.

"Nichukulie huyu," Mama alisema, kana kwamba ninaazimwa kama pasi. "Akapate hewa."

Ndani ya basi Dada alinieleza kwa nini safari ile ilikuwa muhimu. Profesa wake alikuwa amempa eneo lote la kaskazini, yeye mgeni, huku wenzake wakinong'ona kwamba hataliweza. Mwaka wake wa mwisho wa ufadhili ulikuwa unangoja saini ya huyo profesa, naye hatasaini kabla ya kuona ripoti. "Nikiharibu," alisema, "narudi nyumbani na nusu ya shahada. Nusu ya shahada haina fremu."

Nilicheka, ila kimoyomoyo.

Tulifikia nyumba ndogo ya wageni chini ya mlima. Dereva wa chuo, mzee mmoja wa kulekule, alitupeleka kila siku sehemu tatu zilezile: chini mtoni, katikati kwenye mashamba ya chai, na juu kabisa kwenye mnara wa simu. Kila sehemu tulitembea njia moja kwa mwendo mmoja. Dada alishika wavu, mimi mikebe. Kipepeo akikamatwa, anatiwa kwenye karatasi iliyokunjwa pembetatu, Dada anaandika tarehe juu yake, kisha karatasi inaingia kwenye mkebe wa biskuti. Kila sehemu na mkebe wake, na jina la sehemu liko kwenye kifuniko. Jioni, kabla ya kula, Dada anaandika mahali kwenye kila karatasi, moja baada ya moja, kwa mwandiko mdogo kama wa mchwa.

Nondo tuliwapata kwa shuka jeupe lililotundikwa uani, taa mbele yake. Kukipambazuka tunakwenda kuwatazama waliobaki. Asubuhi ya pili alikuwepo mmoja wa kijani kibichi, mkubwa kama kiganja changu, mabawa yameshuka kwa mikia miwili mirefu. Nilisahau hata kuvuta pumzi.

"Huyu hana mdomo," Dada alisema taratibu. "Akishatoka kwenye kifukofuko hali tena. Anaishi hivyohivyo siku zake chache. Namjua mtu fulani kama yeye."

"Mimi nakula," nikamjibu.

Aligeuka akanitazama kama shuka ndilo lililosema. Halafu akacheka mpaka mzee wa gari akachungulia dirishani.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Jua lilimpiga Dada kule mnarani, kichwa kikamuuma, tuliporudi mchana akajitupa kitandani bila kuandika zile karatasi. Nilikaa sakafuni na mikebe mitatu, nikimwonea huruma, nikitaka kumfanyia kitu kizuri pasipo kulazimika kumwuliza.

Sasa, mimi nimelelewa kwenye mizigo. Tangu mdogo nilimsaidia Mama kupanga nguo kabla hazijafungwa robota, na sheria yake ni moja: usipange kwa duka, panga kwa aina. Gauni na gauni, jinzi na jinzi, kubwa na kubwa. Mteja wa Mombasa hana haja ya kujua gauni limetoka kwa laoban gani. Nikafungua mikebe yote mitatu. Weupe nikawaweka pamoja. Wenye mikia pamoja. Wa kahawia wenye macho kwenye mabawa pamoja, wakubwa chini, wadogo juu. Nilifanya kazi safi kabisa. Nilijisikia mtu wa maana.

Dada aliamka jua likielekea magharibi. Akafungua mkebe wa kwanza, akafungua wa pili. Wa tatu hakuumaliza.

"Nani ameshika hii mikebe?"

"Mimi. Nimekupangia."

"Umenipangia." Alikaa chini. "Jamani. We mtoto. Yupi ni wa mtoni hapa? Yupi wa mnarani?"

Ndipo nilipoelewa. Nilitaka kufa. Alichukua daftari lake la kazi, likawa na idadi tu: mtoni weupe saba, chai weupe watano. Yupi ni yupi, halikusema. "Kipepeo asiye na mahali," alisema bila kunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga, "ni pambo tu. Profesa hahitaji mapambo."

Nililia chooni. Kisha nikakumbuka panda.

Kwa kuwa siongei, naandika. Tukipumzika njiani nilikuwa naandika kila kitu, nani kakamatwa wapi na alikuwaje, kwa kuwa sikuwa na la kufanya na macho yangu. Lakini daftari lile lilikuwa na mengine pia. Halikuwahi kusomwa na mtu, hata Mama. Niliwaza kumficha Dada, nichague mistari ninayotaka. Ila ilikuwa imechanganyikana, kipepeo na siri kwenye sentensi moja, na muda haukuwepo; alfajiri tulitakiwa kuanza tena.

Nikatoka, nikasimama mlangoni. "Nina mahali pao," nikasema. "Lakini usinicheke."

"Soma."

Nilisoma kwa sauti, nadhani mara yangu ya kwanza kusoma mbele ya mtu tangu shule. "Mtoni. Mweupe mwenye bawa la kushoto lililokatwa kama tiketi. Dada amemkosa mara mbili, anarusha wavu kama anayefukuza kuku."

Dada alipekua karatasi. "Huyu hapa, bawa kama tiketi. Kufukuza kuku, eh? Endelea."

"Chai. Mwenye mikia, mweusi, mkia mmoja umevunjika. Mzee wa gari anakula machungwa na kurusha maganda. Viatu vya Dada vinanuka mpira ulioungua."

"Vinanuka kweli," alisema akiandika. "Mtoni, mnarani, twende."

Tuliendelea hivyo, mimi nikisoma na uso ukiwaka moto, yeye akitafuta na kuandika. Nikafika mnarani. Nilijua mstari uliokuwa unakuja. Nilinyamaza.

"Kuna nini?"

"Kahawia," nikasoma, "wenye macho manne, wawili, wamekamatwa pamoja. Leo sijasema neno tangu asubuhi na hakuna aliyegundua. Hata Dada."

Aliacha kalamu. "Hao wawili wa macho manne ninao," alisema mwishowe. Akawaandikia mahali. Halafu akasema, "Samahani, mdogo wangu," na sijui kama alikuwa anazungumzia vipepeo.

Hatukuwaokoa wote. Tisa hawakuwa na alama yoyote niliyoiandika. Nilimwambia tubahatishe, nani atajua? Akakataa. Kwenye kila mmoja aliandika: mahali hapajulikani. Na tangu siku ile aliandika mahali kwenye karatasi hapohapo porini, kabla wavu haujakunjwa, na kila tulipofika sehemu nyingine aliniuliza, "Haya, leo umesema maneno mangapi?" Nilimdanganya mara moja tu.

Tuliporudi mjini alimweleza profesa kila kitu mwenyewe, pamoja na robota za Mama. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Profesa, Dada alinihadithia baadaye, aliwatoa wale tisa kwenye hesabu, akauliza daftari la panda linauzwa wapi. Kisha akasaini.

Kuna mambo mengi ya kumshukuru Dada, na mbele yake sijayasema hata nusu. Ndiyo maana nayaandika. Angeweza kunirudisha kwa basi kesho yake. Angeweza kumwambia Mama. Badala yake, chini ya kila karatasi, penye nafasi ya aliyeandika kumbukumbu, aliweka jina langu karibu na lake.

Mmoja wa wale tisa alinipa kwenye kiboksi cha kioo, mweupe, mabawa mazima kabisa. Nimemtundika juu ya meza ya kula. Mama alirudi kutoka Pazhou amechoka, miguu imevimba, akamsogelea akamtazama muda mrefu.

"Mzuri huyu. Mmemtoa wapi?"

Nikamwambia sijui, na kwa nini sijui, nikaanza kueleza tangu mwanzo. Mama alivuta kiti akakaa, akasahau kuvua viatu.