Mabaka ya Mama Anyesi

Watu wa Ipagala walimcheka Paulina kwa jambo moja: kila asubuhi alilisalimia ua. Lilikuwa ua la saa kumi, lile linalofunguka jua likianza kupoa, ila majani yake hayakuwa ya kijani kitupu. Yalikuwa na mabaka meupe kama ubavu wa ng'ombe. Marehemu mama yake, Anyesi, alimpa mzizi wake kutoka Mpwapwa siku anaolewa, na baada ya mazishi hakikubaki kingine cha kumkumbukia. "Shikamoo, mama," alikuwa akisema, kisha anashika fagio.

Mwaka maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu, mchwa waliingia kwenye mzizi. Matawi yakaanza kunyauka. Vipandikizi alivyojaribu vikaoza. Mumewe Silvano, mtu mwema asiyejua kunyamaza, akamletea maua ya plastiki.

"Haya hayaliwi na mchwa, Mama Edina."

"Wala hayazai," Paulina akamjibu, akayatundika kwenye zizi la mbuzi. Alikwisha kuamua: ua la mama halifi bila kuacha mtoto.

Shida ni kwamba Paulina alikulia zizini. Baba yake akitaka kubadili rangi ya kundi, alitafuta dume. Majike yalibaki yaleyale. Naye akafanya hivyohivyo. Kwa ncha ya unyoya wa kuku alichukua chavua ya ua la mabaka, akaipaka kwenye maua ya kijani ya jirani yake Yudith, yaliyokuwa na afya njema. Kwanza aliyanyofoa vinyuzi vyake vya chavua, yasije yakajipandisha yenyewe. Mbegu zikaota kijani. Mvua zilizofuata, kijani tena, kijani cha kuudhi.

"Dume lako goigoi!" Silvano akacheka.

Hasira zikamfanya apindue mambo. Safari hii akachagua tawi jeupe kuliko yote, lisilo na hata doa la kijani, likawa mama, na maua ya Yudith yakawa baba. Miche ikachomoza myeupe pe! Paulina akapiga vigelegele mpaka Yudith akaja mbio. Haikupita hata wiki mbili, miche ikasinyaa mmoja mmoja, ingawa aliinyima nyumba maji ili miche inywe. Akalia palepale uwanjani, bila kumwonea mtu aibu.

Kisha akafuta machozi, akafikiri. Kijani ndicho jiko la mmea. Mche mweupe mtupu umezaliwa bila jiko. Lakini tawi jeupe limezaa weupe, na mama wa kijani amezaa kijani, baba awe nani. Kwa ua hili, rangi ya jani ilifuata tumbo la mama, tena tawi lilelile lililobeba mbegu. Dume lilisingiziwa bure. Na mbegu zilizodondoka chini ya matawi ya mabaka? Miaka yote alikuwa akizifagia mwenyewe, maana uwanja wa mama wa Kigogo mwenye kujiheshimu haubaki na takataka.

Lilikuwa limebaki tawi moja la mabaka, lenye mbegu tatu nyeusi. Akazipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Hazijaota bado, ua kongwe likafa. Asubuhi zile Paulina alifagia bila kusalimia, na majirani wakakosa cha kucheka.

Mche wa kwanza ulitoka kijani. Wa pili ulitoka mweupe, naye hakujidanganya tena. Wa tatu ulichelewa sana, hata akaanza kuuomboleza. Ndipo ukafungua jani: kijani, na baka jeupe pembeni.

Silvano akachungulia. "Kwa hiyo hapa sisi akina baba hatuna letu?"

"Mengine yenu, Baba Edina. Hili ni la mama."

Akaweka fagio chini, akachuchumaa mbele ya kopo. "Shikamoo, mama," alisema.

Silvano akavua kofia. "Shikamoo, mkwe," naye akasema, wala hakucheka.