Salamu Chini ya Maji ya Naivasha

Kama ningekuwa natunga, ningejitungia nafasi nzuri zaidi ya hii. Kisa hiki kinaniaibisha, na sijaona mtu anayetunga uongo wa kujiaibisha. Kwa hiyo niamini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nina elimu nyingi ya jiografia na woga mwingi wa maji. Nilipata kazi kwa mzungu mmoja wa Naivasha aliyependa kupiga mbizi kuzunguka kile kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga. Alikuwa na kioo cha kufunika uso na mrija wa kupumulia, na alijua kila mahali pa kuzamia: penye mawe, penye mafunjo, na upande wa ndani, ambako ziwa lina kina kirefu kuliko kwingine kote na miti iliyozama bado imesimama wima. Kazi yangu ilikuwa kushika mashua na kuangalia viboko. Alinifundisha kuogelea ili, nadhani, asilazimike kuniokoa.

Wiki moja mvuvi aitwaye Ouma akazama. Siku ya tano akaja kaka yake, Okelo, fundi wa reli huko Nakuru, bado amevaa ovaroli. Alinieleza bila kulia. Kwao, ziwa likikataa kumrudisha mtu, watu wake huzika tunda la mwegea badala yake, lile refu, zito kama mtoto mchanga, na matanga hufanywa kama kawaida. Wazee walikuwa wamempa wiki moja tu ya kumtafuta.

"Mama hataki kulilia tunda," alisema. "Omera, ndugu yangu, chukua hayo madude ya mzungu, uniangalizie."

"Mimi si mzamiaji, kaka. Mimi ni mwanafunzi."

"Basi nenda ukasome huko chini."

Bwana mwenyewe alikuwa Nairobi. Saa sita mchana, jua kali, tulipiga makasia hadi upande wa ndani, nikaingia.

Maji yalikuwa ya kijani, na baridi. Nilielea kifudifudi nikitazama chini. Pale penye miti nilimwona mtu amesimama kati ya matawi mawili, shati limefungwa vifungo vyote, macho wazi. Nikavuta pumzi, nikazama, maana nilikuwa nimesikia kwamba maiti haimdhuru mtu. Nikanyoosha mkono nimshike.

Yeye ndiye aliyenishika. Alinishika mkono wa kulia, akauweka wake wa kushoto juu, akatikisa mara mbili, kama mtu mwenye adabu anavyomsalimu mgeni. Na viganja vyake vilikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kula ugali sasa hivi. Kisha akainua kidole, akaonyesha mashua.

Kuna lisiloeleweka hapo? Alitaka kwenda nyumbani. Hata asiyesoma angeelewa.

Nikajinasua, nikaibuka, nimemeza nusu ya ziwa.

"Umemwona?" Okelo aliuliza.

Nilijua nikisema ndiyo, nitarudishwa chini nikiwa na kamba ya kumfunga.

"Hakuna kitu. Matope tu."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, kaka."

Alinirushia shati langu. "Unatetemeka hivyo kwa sababu ya matope?" Halafu akachukua kasia.

Alipanda gari moshi la jioni kwenda kwao, na tunda likazikwa. Wiki iliyofuata Ouma akaibuka mwenyewe kando ya mafunjo, lakini wazee walisema mtu hazikwi mara mbili. Kaburi lake nyumbani lilikuwa limeshajaa. Alizikwa Naivasha, na watu wasiomjua.

Tangu hapo siwezi kuinamisha uso kwenye karai la maji. Nikijaribu, mkono wenye joto hunishika, hutikisa mara mbili, hungoja. Nanawa kwa kikombe. Mke wangu hudhani ni mtindo wa chuo kikuu.

Miaka mingi baadaye nilimwandikia Okelo, nikamweleza yote. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Nilijua tukiwa bado ndani ya mashua."

Sikukatazi kuogopa. Mimi bado naogopa. Lakini ukitumwa kumtafuta mtu wa watu, na ukamwona, sema umemwona, hata kama yeye ndiye aliyekuona kwanza.